Kiti cha Ndege Kisiwe Kipimo cha Cheo

Katika nchi ambayo gharama za serikali hulipwa na jasho la wakulima na wafanyakazi, hakuna tumizi la fedha za umma lililo dogo kiasi cha kutostahili kuulizwa. Shilingi inayotoka katika kodi ya mkulima wa kahawa wa Manyovu ni ile ile inayonunua dawa ya zahanati, na ni hiyo hiyo inayonunua tiketi ya ndege ya mtumishi anayekwenda ng'ambo kwa kazi ya taifa. Kwa sababu hiyo tumeona yafaa leo tulizungumze jambo ambalo wengi hulizungumza kwa minong'ono tu: daraja la kiti anachokalia mtumishi wa umma, au mjumbe wa ushirika, anapokwenda safari ndefu ya ndege kwa ajili ya kazi.

Kuna pande mbili katika ubishi huu. Upande wa kwanza unasema kwamba daraja la biashara ni anasa tupu, na kwamba kiongozi anayelala juu ya kitanda angani huku mwananchi akilala sakafuni hospitalini amekwisha kuisahau asili yake. Upande wa pili unasema kwamba mtu aliyetumwa kwenda kutetea maslahi ya nchi, akakalishwa saa kumi na tano magoti yakigusa kiti cha mbele, hufika kwenye meza ya mazungumzo akiwa nusu mtu, na kwamba hasara ya mkataba mbaya hushinda bei ya tiketi nzuri. Kila upande umeshika sehemu ya ukweli. Kosa la pande zote mbili ni kuanza na swali la nani anasafiri, kabla ya kuuliza anakwenda kufanya nini, kwa muda gani, na mwili wake una hali gani.

DARAJA SI NENO GENI KWETU

Watu wa Kigoma hawahitaji kufundishwa maana ya daraja la safari. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu hapo wazee wetu waliijua dunia kwa kupitia behewa. Kulikuwa na daraja la kwanza lenye vyumba vya vitanda viwili, daraja la pili lenye vyumba vya vitanda sita, na daraja la tatu ambamo mtu hukaa juu ya kiti kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 1,250. Katika ziwa, meli ya Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913 na kuanza kutumika kama chombo cha abiria chini ya jina hilo mwaka 1927, nayo ilikuwa na madaraja yake. Katika zama za mkoloni madaraja hayo yalikwenda na rangi ya ngozi kwa desturi ambayo kila mtu aliielewa hata pale ilipokuwa haikuandikwa ukutani: Mzungu mbele, Mwasia katikati, Mwafrika nyuma.

Na kabla ya reli kulikuwa na machela. Ofisa wa kikoloni na mgeni wake walibebwa mabegani mwa watu katika njia za milimani, na mwenye mabega hakuulizwa kama amechoka. Machela yaliondoka, lakini fikra iliyoyazaa haikuondoka pamoja nayo. Fikra hiyo inasema kwamba ukubwa wa mtu huonekana katika namna anavyobebwa. Hii ndiyo kasumba tunayoipinga, na tunaipinga kwa jina lake hasa, kwa sababu wengi wanaotetea daraja la biashara hutanguliza neno kazi huku mioyoni mwao wakiwa na neno cheo.

Harakati za uhuru wa nchi hii zilijengwa kwa fikra nyingine. Mwalimu Nyerere alipokwenda New York mwezi Machi 1955 kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, nauli yake ilitokana na michango ya wanachama wa TANU. Kila senti ya safari ile ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa hai, yupo Tanganyika, akingojea kusikia mjumbe wake amesema nini. Baada ya uhuru, mwezi Oktoba 1966, Rais huyo huyo alikata mshahara wake kwa asilimia 20 na kupunguza mishahara ya viongozi wengine wakubwa. Hatuyataji haya ili kuwafanya watu wa leo waone haya bila sababu. Tunayataja kwa kuwa yanaonyesha kipimo: msafiri wa umma ni mjumbe, na mjumbe ana deni kwa aliyemtuma.

HESABU YA MWAKA 2015

Tarehe 20 Novemba 2015, Rais John Magufuli alipolifungua Bunge mjini Dodoma, alilieleza taifa gharama za safari za nje katika miaka miwili ya fedha, yaani 2013/14 na 2014/15. Jumla ilikuwa shilingi bilioni 356.3. Kati ya hizo, tiketi za ndege zilichukua bilioni 183.2, posho za kujikimu bilioni 104.6, na mafunzo ya nje bilioni 68.6. Alisema kwamba fedha hizo zingetosha kujenga kilomita 400 za barabara ya lami.

Msomaji wa Buhigwe, Kasulu au Kibondo anaijua maana ya kilomita 400 za lami. Kwa miaka mingi barabara zetu za udongo mwekundu ziligeuka tope kila masika, malori ya maharage na ndizi yakalala njiani, na mama mjamzito akapelekwa hospitali kwa kukisia. Barabara ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu, ambayo ujenzi wake wa lami umefanywa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ina urefu wa kilomita zipatazo 260. Kwa hesabu ile ya mwaka 2015, safari za nje za miaka miwili zilikuwa zimeimeza barabara ya namna hiyo, na kubakiza nyingine zaidi ya nusu yake.

Katika siku hizo hizo serikali ilizuia safari za nje zisizo na kibali cha juu, ikaagiza kwamba kazi zinazoweza kufanywa na mabalozi zifanywe na mabalozi, na ikawaondolea maofisa tiketi za daraja la kwanza na la biashara, isipokuwa Rais, Makamu wa Rais na Waziri Mkuu. Ujumbe uliokuwa uende Malta katika mkutano wa Jumuiya ya Madola mwishoni mwa mwezi huo uliripotiwa kupunguzwa kutoka watu 50 hadi 4. Mwezi uliofuata Wizara ya Fedha na Mipango ilikabidhiwa kwa Dkt. Philip Mpango, mzaliwa wa Buhigwe yetu hii, ambaye mwaka 2020 alichaguliwa kuwa Mbunge wa Buhigwe, na kati ya mwaka 2021 na 2025 akawa Makamu wa Rais. Hivyo wilaya yetu, ambayo ilizaliwa mwaka 2012 kwa kugawanywa Kasulu, haiwezi kusema kwamba mjadala huu ni wa watu wa mbali.

Sasa tuzitazame takwimu zile kwa makini zaidi kuliko zilivyotazamwa katika vijiwe. Watu walishika neno daraja la biashara wakaliacha neno posho. Shilingi bilioni 104.6 za posho hazikutokana na upana wa kiti. Zilitokana na idadi ya watu na idadi ya siku. Na katika zile bilioni 183.2 za tiketi, sehemu ya fedha ilikwenda kwa watu ambao hata kama wangekaa mkiani mwa ndege, safari yao haikuwa na haja. Mfano wa Malta unatosha. Ukiwatoa watu 46 katika ujumbe wa watu 50, umeokoa zaidi kuliko ukiwahamisha wote 50 kutoka viti vya mbele kwenda viti vya nyuma. Kwa hiyo basi, swali la daraja ni la tatu kwa uzito. La kwanza ni: je, safari hii ni ya lazima? La pili: waende wangapi?

Tanzania haikuwa peke yake. Malawi, chini ya Rais Joyce Banda, iliuza ndege ya Rais mwaka 2013. Mwezi Novemba 2023, baada ya fedha ya nchi hiyo kushushwa thamani kwa asilimia 44, Rais Lazarus Chakwera alisimamisha safari za nje, zake mwenyewe na za mawaziri wake, hadi mwisho wa mwezi Machi uliofuata. Mwaka huo huo serikali ya Kenya ilitangaza kukata bajeti ya safari kwa nusu. Wala wakubwa wa dunia hawakusalimika: mwaka 2017 ilifichuliwa kwamba Shirika la Afya Duniani lilikuwa likitumia kiasi cha dola milioni 200 kwa mwaka katika safari, kuliko lilichotumia kupambana na malaria au kifua kikuu. Sisi ambao malaria ni jirani yetu tunaijua tofauti ya mambo hayo mawili.

MWILI WA MSAFIRI

Hata hivyo, haki haikamiliki kwa kusikiliza upande mmoja. Hebu tumfuate mjumbe wa ushirika wa kahawa, anayetoka Manyovu kwenda Marekani kutafuta soko. Kahawa ya milima yetu ni arabika, na wanunuzi wa nje wanaifahamu. Vyama vya msingi vilivyoungana katika ushirika wa Kanyovu vimeijengea jina. Mjumbe huyu ataondoka kijijini kwa gari hadi Kigoma mjini, atapanda ndege ya mapanga yenye viti 76, sita vya biashara na 70 vya kawaida, kwenda Dar es Salaam, na kutoka hapo ataunganisha kwenda Nairobi au mji mwingine mkubwa. Tangu tarehe 28 Oktoba 2018 Kenya Airways ilipoanzisha safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York, sehemu hiyo peke yake huchukua kiasi cha saa 15. Ukijumlisha njia yote na saa za kungojea viwanjani, mjumbe wetu hukaribia siku mbili bila kulaza mbavu.

Ndani ya ndege ile aina ya Boeing 787 kulikuwa na viti 30 vya biashara na 204 vya kawaida. Ndege ya namna hiyo ya shirika letu la Air Tanzania, ambayo ya kwanza iliwasili mwezi Julai 2018, ina viti 22 vya biashara na 240 vya kawaida. Kiti cha kawaida kina upana wa sentimita 43 hivi. Kutoka mgongo wa kiti hadi mgongo wa kiti cha mbele ni sentimita 80 au pungufu kidogo. Kiti cha biashara hukunjuka kikawa kitanda cha urefu wa mtu. Nauli yake kwa kawaida huwa mara tatu hadi mara tano ya ile ya nyuma, nayo bei hiyo haina siri: kitanda kimoja kimekula nafasi ya watu watatu. Kwa sababu hiyo hiyo Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2013 kwamba abiria wa daraja la biashara anachafua anga kiasi cha mara tatu ya abiria wa kawaida.

Hewa, lakini, ni moja. Ndani ya ndege ile mgandamizo wa hewa huwekwa sawa na wa mahali penye mwinuko wa mita 1,800, yaani karibu na ule wa milima yetu. Mkurugenzi na karani huvuta hewa ile ile, na saa ya mwili huwavuruga wote wawili bila kuuliza cheo. Kati yetu na New York kuna tofauti ya saa 7 au 8 kwa kutegemea majira ya mwaka, na mwili wa binadamu hujirekebisha kwa kadiri ya saa moja kwa siku. Hakuna kitanda cha angani kinachoweza kuondoa hilo. Kitanda humpa mtu usingizi. Kuizoesha saa mpya hufanywa na siku zenyewe.

Kuhusu damu kuganda miguuni, ugonjwa ambao Wazungu waliupa jina la daraja la watu wa kawaida, ukweli uliotolewa na uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 ni huu: hatari huongezeka mara mbili kwa safari ya saa nne au zaidi ya kukaa bila kujongea, hata hivyo inabaki kuwa mtu mmoja katika watu 6,000 hivi. Sababu kubwa ni kutojongea, iwe ndani ya ndege, basi au gari moshi. Anayekaa dirishani na kuona haya kuwaamsha wenzake ndiye aliye katika hatari zaidi. Dawa yake ni kuinuka, kutembea, na kunyoosha miguu, na dawa hiyo haiuzwi. Lakini mtu aliyewahi kupata ugonjwa huo, au mwenye mimba, au aliyefanyiwa upasuaji karibuni, huyo ana haki ya kuangaliwa kwa namna nyingine, naye apate ushauri wa daktari kabla ya kuondoka.

Usingizi nao si starehe ya wavivu. Wachunguzi wa Australia walionyesha mwaka 1997 kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya kazi kama mtu aliyekwisha kunywa pombe kiasi ambacho nchi nyingi humkataza dereva kuendesha gari. Ikiwa hatumruhusu mlevi kushika usukani wa basi la Kasulu, kwa nini tumruhusu mtu wa hali hiyo kushika kalamu ya kutia sahihi mkataba wa kuuza kahawa ya wanachama elfu kadhaa? Hapo ndipo hoja ya upande wa pili ina nguvu, na hapo ndipo tunapokubaliana nayo.

Mashirika ya ndege yenyewe yanalijua hili. Safari ya Singapore hadi New York, ya kilomita zaidi ya 15,300 na saa kama 18, Singapore Airlines iliirudisha mwaka 2018 kwa ndege yenye viti 161 tu, 67 vya biashara na 94 vya daraja la kati. Kiti cha kawaida hakikuwekwa hata kimoja.

WENGINE WANAPIMAJE?

Umoja wa Mataifa, katika kanuni zake za mwaka 2013, ulipima kwa saa: mtumishi wa chini ya vyeo vya juu kabisa aliruhusiwa daraja la biashara pale safari ya moja kwa moja ilipofikia saa 9, au saa 11 ikiwa ni ya kuunganisha. Serikali ya Marekani, nchi tajiri kuliko zote, iliweka mpaka wake mbali zaidi: safari ya zaidi ya saa 14, na hata hapo ruhusa huondoka ikiwa mtumishi amepewa mapumziko njiani au baada ya kufika. Tuitafakari kanuni hii ya pili. Inasema wazi kwamba kitanda ni badala ya mapumziko. Ukipewa kimoja, hudai kingine.

Tuifanyie hesabu kwa mfano. Tuseme nauli ya kawaida ya kwenda na kurudi ni shilingi milioni 3, na ya biashara ni milioni 12. Tofauti ni milioni 9. Tuseme tena kwamba usiku mmoja wa hoteli pamoja na posho ya kujikimu ni shilingi laki 8. Mjumbe akitangulia siku mbili, akalala, akaoga, akala chakula cha kawaida, kisha akaingia mkutanoni, ametumia milioni 1 na laki 6 badala ya milioni 9, na akili yake imetulia kuliko ya yule aliyetoka kitandani angani akaenda moja kwa moja mkutanoni. Lakini ikiwa mkutano umeitwa kwa ghafla na hapana siku ya kutangulia, hesabu inageuka, na kitanda kinakuwa halali yake. Ofisa Masuuli anayejua kazi yake aweze kuionyesha hesabu hii kwa maandishi.

KIPIMO CHA HAKI

Waliosoma chuoni wanakumbuka kwamba msafiri amepewa ruhusa ya kufungua mchana wa Ramadhani na kupunguza sala. Hata methali yetu ya msafiri kafiri chimbuko lake ni huruma hiyo. Ruhusa ile imetolewa kwa sababu ya uzito wa safari, wala haikusemwa kwamba ni ya sultani peke yake na mchukuzi wake asiipate. Huo ndio msingi tunaotaka uwe katika waraka wa safari: nafuu ifuate uzito, isifuate cheo.

Leo mambo mara nyingi huwa kinyume. Mkubwa hupata kiti cha mbele kwa safari ya saa tatu ambayo mtoto wa shule angeivumilia, wakati mtaalamu wa maabara, mhandisi au muuguzi anayekwenda nusu ya dunia na kuanza kazi siku ile ile hukalishwa nyuma kwa kuwa ngazi yake ya mshahara haijafika. Mkubwa huenda kufungua mkutano kwa hotuba ya dakika kumi. Mtaalamu ndiye atakayekesha akisoma vifungu vya mkataba. Ni yupi kati yao anayehitaji usingizi?

Na katika mkoa wetu kuna mizani nyingine ambayo haitoki machoni. Kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu imepokea ndugu zetu wa Kongo tangu mwaka 1996, na Warundi baada yao. Katika miaka iliyopita maelfu ya Wakongo wa kambi ile walichukuliwa kwenda kuanza maisha mapya Marekani. Mama wa Nyarugusu, ambaye hakupata kupanda ndege maishani mwake, alisafiri na watoto wake katika viti vya kawaida kwa safari ile ile ndefu, na nauli hiyo haikuwa zawadi: ilikuwa mkopo usio na riba, ambao alitakiwa kuanza kuulipa baada ya miezi michache tu ya kufika. Alilipa kiti chake kwa mshahara wa kufagia au wa kiwandani. Mtumishi anayedai kwamba mwili wake hauwezi kabisa kuvumilia kiti cha namna ile na akumbuke ni nani aliyekivumilia, tena na mtoto mapajani.

Wapo watakaosema kwamba hadhi ya nchi inashuka mwakilishi wake akionekana nyuma ya ndege. Hoja hii haina mizizi. Hadhi ya nchi haionwi na abiria wanaotafuta mahali pa kuweka mizigo. Inaonwa mezani, pale mjumbe anapofungua jalada lake na kuonyesha kwamba amelisoma. Wengine watasema kwamba katika kiti cha mbele mtu anaweza kufanya kazi za siri bila jirani kuchungulia. Hilo ni kweli kwa wachache, na hao wachache waandikwe kwa kazi yao. Kwa walio wengi, kazi ya siri ifanywe ofisini kabla ya kuondoka.

YAFAAYO KUFANYWA

Tunapendekeza basi kwa halmashauri zetu, kwa vyama vya ushirika, na kwa idara zote zinazotumia fedha za wananchi, mambo haya.

Kwanza, kila kibali cha safari kianze na swali kama kazi hiyo haiwezi kufanywa kwa mtandao au na ubalozi. Mwezi Septemba 2020, kwa sababu ya UVIKO-19, wakuu wa nchi walilihutubia Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa kwa hotuba zilizorekodiwa wakiwa makwao, na dunia haikusimama.

Pili, majina ya wajumbe yaandikwe pamoja na kazi ya kila mmoja. Asiyekuwa na kazi ya kuandikwa hana safari.

Tatu, safari iliyo chini ya saa 9 iwe ya daraja la kawaida kwa wote, tangu mkurugenzi hadi dereva. Safari ndefu zaidi iwe ya kawaida pamoja na mapumziko ya kutosha kabla ya kazi, na kitanda kitolewe pale tu ambapo kazi haingoji, kwa yeyote atakayeifanya kazi hiyo.

Nne, mgonjwa, mlemavu, mwenye mimba na mzee watendewe kwa mujibu wa hali zao kwa cheti cha daktari, bila kuulizwa ngazi ya mshahara.

Tano, mlango wa hila ufungwe. Tiketi inunuliwe na ofisi, wala pasiwe na mtu wa kupewa fedha za daraja la biashara, akasafiri katika la kawaida, kisha akabaki na chenji mfukoni. Masurufu yarejeshwe pamoja na vipande vya tiketi, na orodha ya safari za mwaka, gharama zake na matunda yake, isomwe mbele ya baraza la madiwani na mkutano mkuu wa ushirika. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Haya si ya ndege peke yake. Treni mpya ya umeme, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, nayo ina daraja la kawaida na la biashara, na mkataba wa kuifikisha reli hiyo Kigoma kutoka Tabora ulitiwa sahihi mwaka 2022. Siku itakapopiga honi hapa kwetu, swali hili hili litatukuta kituoni. Heri tuwe tumekwisha kulijibu.

Cheo ni dhamana. Aliyewekewa dhamana huitumia kwa kadiri ya kazi aliyokabidhiwa, na kilichobaki hukirudisha kwa mwenyewe. Mwenyewe wa dhamana hii yuko shambani leo, anachuma kahawa. Mjumbe wake akihitaji kitanda ili aiuze kahawa hiyo kwa bei nzuri, mkulima atakilipia. Akikihitaji ili aonekane mkubwa, na akilipie kwa fedha zake mwenyewe.